Kiti cha Nyuma

Jumanne, 27 Agosti

Ezra fundi kaniambia ninunue daftari. "Kaka Godi, ugonjwa unaokuja na kuondoka siutibu kwa kusimuliwa. Andika. Imezima saa ngapi, ulikuwa wapi, ulikuwa unafanya nini." Nimenunua la jalada gumu, lina picha ya twiga. Haya.

Gari: dizeli, la mwaka tisini na sita, viti saba. Vioo vya milango ya nyuma havishuki tangu mwaka juzi. AC inapuliza baridi safi, halafu bila kuaga inapuliza joto.

Leo: AC nimeiwasha tukitoka hospitali, saa nane na dakika kumi mchana. Imezima Ngaramtoni, niliposimama kununua machungwa. Haikuwaka tena hadi tunafika Oldonyo Sambu.

Abiria: mmoja, kiti cha nyuma.

Ijumaa, 30 Agosti

Imezima Ngaramtoni tena. Leo sikununua machungwa, nilinunua maji.

Jumapili, 1 Septemba

Ezra akisoma daftari hili atasema nimeandika gari, sikuandika shida. Acha niandike shida.

Abiria wangu ni mama mkwe, Mama Lengai, mama mzazi wa mke wangu Nice. Figo zake zimegoma tangu Juni. Kila Jumanne na Ijumaa anakaa kwenye mashine ya kusafisha damu hospitalini mjini, saa nne mfululizo. Akikosa mashine wiki mbili, tunachimba kaburi. Daktari hakuzungusha maneno. Kifuani ana mrija uliofungwa bandeji, na bandeji haitakiwi kuona vumbi. Julai nilishusha kioo changu tukiwa njia ya vumbi, bandeji ikageuka rangi ya udongo, mrija ukaingia wadudu, mama akatetemeka kwa homa siku tano. Tangu hapo vioo vimefungwa. Na kwake Oldonyo Sambu msimu huu vumbi halihitaji hata gari lipite, linainuka lenyewe.

"Sasa si akae kwenu Kimandolu?" Kila mtu ananiuliza hivyo, hadi mchungaji. Hawezi. Kwa Waarusha mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Hali naye meza moja, hampi mkono, na mimi kumwuliza habari za mwili wake ni kumkosea adabu. Kwetu Machame mama mkwe anakuja, anakaa mwezi mzima, anakagua hadi masufuria. Mimi nimeoa kwa watu wa heshima, na heshima hiyo ni safari ya kwenda kumchukua, kumleta, kumrudisha, halafu kurudi peke yangu, Jumanne na Ijumaa, siku nzima imekwisha.

Nice ni msimamizi kwenye mabanda ya maua Usa River. Anaondoka alfajiri siku sita za wiki, na hana leseni. Shemeji Lengai ana ng'ombe. Mimi ni mpimaji ardhi wa kujitegemea, maana yake nikisema nina kazi hakuna anayeniamini.

Ndani ya gari hatuongei. Asubuhi nasema "Shikamoo Mama," anaitikia "Marahaba" akiangalia pembeni, anapanda nyuma, basi. Nina miaka minane kwenye ndoa na hajawahi kuniita kwa jina lolote lile. Vioo juu, jua la saa tisa, mgonjwa nyuma yangu ambaye siwezi hata kumwuliza kama anasikia joto. Kuna siku natamani kufungua mlango nishuke nimwachie gari liende.

Figo zake siziwezi. AC naiweza. Lazima ipone.

Jumanne, 3 Septemba

Ezra kaongeza gesi. Nusu ya mtaa wake wa Ngarenaro walikuja kutazama. Muuza betri wa jirani kauliza, "AC Arusha hii? Ya nini? Si ushushe kioo?" Wote wakacheka. Nilitaka kumpandisha kiti cha nyuma nikamzungushe Oldonyo Sambu.

Imezima Ngaramtoni.

Ijumaa, 6 Septemba

Nice kaniletea kipimajoto cha banda la maua. Kwenye tundu la mbele, karibu na usukani: nyuzi kumi na mbili. Baada ya Ngaramtoni: thelathini na tatu. Ilipozima, Mama alishusha shuka alilojifunika kichwani. Nilimwona kwenye kioo cha ndani. Maskini, joto limemshinda hadi kaacha kujisitiri mbele ya mkwe.

Jumanne, 10 Septemba

Ezra kabadilisha rilei, kile kiswichi cha umeme cha AC. Wapi. Imezima palepale. Baada ya kuzima, Mama akaanza kuimba chini chini kwa Kimaasai chao, wimbo wa kanisani wa taratibu. Anajifariji. Nilishika usukani kwa hasira hadi vidole vikaniuma.

Ijumaa, 13 Septemba

Vumbi. Imezima.

Jumamosi, 14 Septemba

Ezra kafunga feni mpya, nikagombana naye. Nimemwambia anabahatisha, leo gesi, kesho rilei, keshokutwa feni, atamaliza kubadilisha gari lote na baridi nisiione. Kanitazama, kafuta mikono kwenye ovaroli. "Kaka Godi, nimekuomba daftari. Umeniletea?" Nilikuwa nimelisahau nyumbani. Nikaondoka bila kuaga. Huyu ni tapeli tu, tena tapeli mwenye majibu.

Jumanne, 17 Septemba

Imezima.

Ijumaa, 20 Septemba

Imezima. Mteja wa kiwanja cha Njiro kanipigia tukiwa njiani. Kachoka kunisubiri, kazi kampa mpimaji mwingine. Nilisema "Sawa, hamna shida" kwa sauti ya chini ili Mama asisikie. Kasikia. Nilimwona akigeuza uso dirishani.

Jumanne, 24 Septemba

Leo naandika kirefu.

Sikusimama Ngaramtoni. Machungwa nilinunua asubuhi, nikayaweka nyuma. AC ikapita Ngaramtoni ikiwa hai! Nikajisemea labda feni ya Ezra imesaidia. Tukaacha lami, tukashika njia ya vumbi, bado inapuliza, nyuzi kumi na moja. Mama kajifunika shuka hadi puani, na juu yake kaongeza blanketi lake jekundu. Nikasema moyoni, leo kajisitiri kama inavyotakiwa, leo tuko sawa.

Halafu tukafika kwenye ule uwanda wa mahindi yaliyovunwa, upepo ukatupiga kutoka ubavuni. Aisee, sijawahi kuona. Mlima ukapotea, barabara ikapotea, hata boneti nikawa siioni. Nikasimama. Nikaona bora nizime injini, chujio la hewa lisije likameza vumbi lote la wilaya. Nikazima.

Tukakaa humo. Dakika ishirini na mbili, nilihesabu. Vumbi linakwaruza vioo, ndani joto linapanda, kipimajoto kimefika thelathini na nane. Jasho linanitoka hadi kwenye soksi. Siwezi kushusha kioo. Siwezi kutoka. Siwezi kuondoka na gari. Siwezi kumwambia neno mtu pekee aliye pamoja nami. Nikavuta kola ya shati, nikajikuta nauambia usukani, "Samahani Mama."

Halafu nikasikia kitu kimewekwa kwenye kiti cha mbele, pembeni yangu. Chungwa. Limemenywa vizuri, ganda limeachwa kidogo kwa chini pa kushikia. Hakunipa mkononi, aliliweka na mkono ukarudi upesi. Nikala. Sijui kama niliwahi kula chungwa tamu kama lile. Nilimwangalia kwenye kioo: blanketi kalikunja mapajani, shuka liko mabegani, uso mkavu. Joto lote lile na hana hata tone la jasho. Nikajisemea wazee hawa wametengenezwa kwa udongo mwingine.

Upepo ulipotulia nikawasha gari. AC haikuwaka tena. Njia nzima aliimba.

Ijumaa, 27 Septemba

Imezima. Machungwa mawili.

Jumanne, 1 Oktoba

Nimelisoma daftari tangu mwanzo nikimsubiri hospitalini, nikajiona mjinga. Mimi napima viwanja vya watu, nikikosea nusu mita naitwa barazani, na hiki sikukiona! Haizimi Ngaramtoni. Inazima *mimi* ninapozima. Kila mara nilisimama Ngaramtoni nikazima injini. Ile siku ya upepo sikusimama, ikaishi hadi nilipozima kwenye vumbi. Ikiwa imeshika inaendelea. Ikiachia ikiwa ya moto, haishiki tena hadi ipoe.

Nimempigia Ezra kutoka uani hospitalini. Akasema, "Kaka Godi, hiyo ndiyo sentensi niliyokuwa naisubiri mwezi mzima."

Jumamosi, 5 Oktoba

IMEPONA.

Ezra alinionyesha. Kompresa, yaani pampu ya AC, ina sahani ya chuma inayovutwa na sumaku. Gari lina miaka karibu thelathini, sahani imelika, nafasi kati yake na sumaku imekuwa pana. Sumaku ikiwa ya baridi inaivuta. Ikishapata moto inachoka, ukizima ndiyo basi. Akafungua bolti moja, akatoa washa, kipete cha chuma chembamba kama ukucha, akafunga, nafasi ikapungua. Tukaliwasha, tukalizima, tukaliwasha mara kumi juani. Klak. Klak. Kila mara inashika.

Tatizo lilikuwa washa moja kuzidi. Nilimwomba msamaha kwa maneno ya siku ile. Akacheka. "Daftari lako ndilo lililotengeneza. Mimi nimefungua bolti." Si tapeli. Ni fundi, na mimi nina mdomo.

Jumanne, 8 Oktoba

Nilisimama Ngaramtoni makusudi. Nikazima, nikawasha. Klak! Nyuzi tisa hadi mlangoni kwa Mama Lengai. Nilitaka kupiga honi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nyuzi nane. Inafanya kazi kama mpya. Mama hakuimba, alikuwa kajifunika gubigubi, hata macho sikuyaona. Alipotaka kushuka miguu ilimkatalia, Lengai akamshika. Alikuwa anatetemeka midomo. Mashine imemchosha leo. Asante Mungu angalau njiani hakupata joto.

Jumanne, 15 Oktoba

Nilifika saa moja asubuhi. Lengai katoka peke yake, fimbo mkononi.

"Shemeji, Mama haendi."

"Anaumwa?"

"Haendi tu. Amesema inatosha. Amesema: siku zangu nimeziona, mrudishieni mkwe wangu siku zake na yeye."

Nikauliza kama Mama anajua maana ya kuacha mashine. Lengai akasema anajua kuliko sisi. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na nilijua yuko nyuma yake anasikia, na sikuwa na ruhusa ya kuingia.

Sasa naandika jambo ambalo siwezi kumwambia Nice. Nilipogeuza gari nilifurahi. Barabara ilikuwa tupu, nikashusha kioo changu, nikapokea vumbi lote usoni na nikacheka kama mtu aliyetoka jela. Nikafika nyumbani, nikalala mchana kutwa. Nilipoamka nikakumbuka nilichofurahia, nikaona haya, nikachukua daftari.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nilikwenda. Hatoki. Lengai anasema miguu imeanza kujaa, na anakoroma akilala.

Jumapili, 20 Oktoba

Nice kakaa na mama yake tangu ibada ilipoisha. Karudi na macho mekundu. Amembembeleza, amemgombeza, amepiga magoti. Jibu ni lile lile: mwache mkwe wangu apumzike. "Nimemwuliza umemkosea nini," Nice kasema. "Kaniambia hujamkosea lolote, wewe ni mtu mzuri sana. Alivyosema hivyo nikajua kuna kitu. Godi, umemfanya nini mama yangu?"

"Nimemfanya nini? Nimemtengenezea AC!" Nilipiga kelele hadi jirani akafungua dirisha.

Ana siku tisa bila mashine.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nitaandika kila kitu kwa mpangilio, maana leo ndiyo siku niliyopimwa mimi.

Asubuhi nilikwenda kwa Ezra. Sikuwa na shida ya gari, sikujua pa kwenda tu. Nikamweleza. Ezra alinisikiliza akiwa amechuchumaa, halafu akauliza swali la kifundi: "Kule nyuma inapuliza nyuzi ngapi?"

Sikujua. Nimepima mbele siku zote, pale ninapokaa mimi.

"Hebu kakae."

Sijawahi kukaa kiti cha nyuma cha gari langu. Nilipanda, nikakaa pale pale pake, Ezra akawasha gari, akafunga milango. Gari hili lina matundu ya AC kwenye dari, juu ya kiti cha nyuma, yanaelekea chini. Mbele baridi inagawanyika kwenye kioo na miguu. Nyuma inakudondokea yote utosini na shingoni. Dakika tano nikakunja mikono. Dakika kumi meno yakaanza kugongana. Mimi, mtu mzima mwenye damu yangu yote! Nikainua kipimajoto hadi kwenye tundu: nyuzi nne.

Na tundu la pili, la pembeni, lilikuwa halipulizi. Nikaingiza kidole. Kulikuwa na kitu. Nikakivuta taratibu kikatoka: pamba. Pamba ya hospitali, ile wanayompa ya kukandamizia bandeji, imesokotwa vizuri na kushindiliwa. Nyuma yake vipande vya bandeji, na tiketi za foleni zilizokunjwa kunjwa. Tundu la tatu hivyo hivyo. Alikuwa ameziba moja moja, safari baada ya safari, kwa siri, anasokota ndani ya shuka, kisha anashindilia wakati mkwe wake anaangalia barabara. Lile la kwanza, la juu ya kichwa chake, hakuligusa. Lingemlazimu ainue mikono, nikamwona kwenye kioo.

Nilimpigia nesi wa kwenye mashine. Nikamwuliza kama wagonjwa wake wanasikia baridi. Akashangaa. "Damu yao inatoka nje ya mwili, inazunguka, inarudi imepoa. Wakitoka hapa wanatetemeka hata juani. Si ndiyo maana tunawaambia waje na blanketi?"

Ndiyo maana aliimba ikizima. Ndiyo maana alishusha shuka. Nilimwona kwenye kioo miezi miwili nikaandika kila kitu humu, saa na dakika, na sikuelewa hata mstari mmoja. Nilikuwa namgandisha mama wa watu kwa bidii. Nikalia mbele ya Ezra na muuza betri.

Nikaendesha hadi Oldonyo Sambu moja kwa moja. Nikasimama nje ya nyumba, nikasema kwa sauti mlangoni: "Mama, naomba unisamehe. AC sitaiwasha tena." Akamwita Lengai, wakaongea Kimaasai, Lengai akatoka akikuna kichwa.

"Anasema yeye hajasema lolote kuhusu gari. Gari lako ni zuri. Haendi kwa sababu amechoka."

"Lengai, nimeona pamba!"

"Ulichoona umeona. Hawezi kukiri. Twende huku." Akanivuta hadi zizini.

Lengai huwa haongei sana, na mimi nilikuwa namwona mvivu wa maneno na wa kila kitu. Leo aliongea. "Shemeji, nikuulize. Mama anakuitaje?"

"Haniiti."

"Unajua kwa nini?"

Nikasema ni heshima.

"Heshima ni kukuita. Kijana akioa kwetu anamletea mama mkwe kondoo jike, anamleta mwenyewe. Siku hiyo wanapeana jina. Yeye anamwita Paker, mama anamwita Paker. Wenye kondoo baina yao. Kuanzia hapo mama ana mdomo kwa mkwe wake. Anaweza kumwambia kitu. Wewe wazee wako wa Machame walileta bahasha ya pesa."

Nikaikumbuka bahasha hiyo. Mjomba wangu alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu nyekundu: KONDOO WA MAMA. Tulicheka njiani, tukasema afadhali, nani abebe kondoo na suti.

"Mama aliipokea, hakusema kitu," Lengai akaendelea. "Lakini bahasha haina jina. Akuite nani? Mwanangu? Wewe si mwanawe. Akutaje kwa jina lako, Godbless? Ni matusi. Sasa mtu ambaye huna cha kumwita, utamwambiaje nasikia baridi? Ataanza na neno gani?"

"Kwa nini hukuniambia? Miaka minane!"

"Hukuuliza," akasema. "Nilidhani Wachaga ndivyo mlivyotaka."

Nilimwomba aniuzie kondoo pale pale. Akakataa, kondoo hawezi kutoka zizi la mama akarudi zizi la mama. Lazima atoke nyumbani kwangu. Nikaenda kwa mzee Saning'o, ng'ambo ya korongo, nikachagua jike asiye na kilema, mweupe mwenye kichwa cheusi. Nikampakia, nikateremka naye hadi Kimandolu. Amekula mchicha wote wa Nice. Nice alitoka, akamwona kwenye bustani, akanitazama mimi, akajua, akaketi kwenye ngazi na kujifunika uso kwa kanga.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimetoka alfajiri, kondoo kiti cha nyuma. Amelia njia nzima, Sakina hadi Oldonyo Sambu, na kaniharibia kiti. Sijali.

Lengai alikuwa ananisubiri. Nikamshusha kondoo kwa kamba, nikasimama naye uani. Nilikuwa nimevaa suti ya harusi. Sikumwambia Nice kwa nini, nilivaa tu. Haikufunga tumboni.

Mama akatoka. Ruwa wangu, Mungu wangu! Siku kumi na moja. Uso umevimba hadi macho yamekuwa mistari, miguu imejaa, kila hatua mbili anasimama kuvuta pumzi. Lengai alitaka kumshika, akamsukuma mkono. Akaja hadi kwa kondoo. Akamfungua mdomo, akamtazama meno. Akampapasa mgongo na mkia wa mafuta. Hakuwa na haraka, mtu ambaye anakufa, akamkagua kondoo kama yuko mnadani na siku bado ndefu. Akaichukua kamba mkononi mwangu. Kwa mara ya kwanza akanitazama machoni.

"Paker," akasema.

"Paker," nikajibu.

Akavuta pumzi mara mbili, tatu. Halafu miaka minane yote ikatoka. "Paker, baridi ya gari yako inaniua. Mimi nilidhani wewe unaipenda. Nikasema, mkwe wangu ni mtu wa mlimani, wa migomba, anataka baridi. Kila siku yuko kwa fundi sababu ya baridi yake. Nimekula siku zake zote, nimempotezea kazi yake, nitamwambia tena azime raha yake ndani ya gari yake? Nikasema bora niache."

"Nilikuwa naitengeneza kwa ajili yako, Mama."

"Mama tena?"

"Paker."

"Kwa ajili yangu mimi?" Akamgeukia Lengai, akasema kitu kwa Kimaasai, Lengai akainama kwa kicheko akitokwa machozi. Sijaambiwa hadi sasa alisema nini.

Tukapanda. Kiti cha nyuma kilikuwa kimelowa mkojo wa kondoo, kwa hiyo alikaa mbele. Sijui kama mila inaruhusu. Hakuna aliyeuliza.

Hospitalini walimpokea kwa kiti cha magurudumu. Daktari aliangalia kipimo cha damu, akaniita pembeni, akasema mngesubiri Ijumaa mngekuja kuchukua cheti cha kifo. Walimweka kwenye mashine kwa saa tano badala ya nne. Nikampelekea blanketi jekundu, nikalitandika mwenyewe miguuni kwake, na hakugeuza uso.

Ijumaa, 25 Oktoba

Kaenda. Karudi. AC: nzima. Haijawashwa. Ndani nyuzi thelathini na sita. Mimi jasho, yeye wimbo.

Jumanne, 29 Oktoba

Hivyo hivyo.

Jumamosi, 2 Novemba

Ezra kaulizia AC yake. Nikamwambia haina kasoro hata moja, na siwashi. Halafu akasema anataka lile daftari, awaonyeshe mafundi wenzake jinsi mteja anavyotakiwa kuandika. Nimemnyima.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua ya kwanza. Vumbi limelala, na nikashusha kioo changu kidole kimoja, yeye akiniruhusu. Hewa ya udongo uliolowa ikaingia. Nikafikiri Jumanne hii, Ijumaa ile, Jumanne nyingine. Mashine haina tarehe ya mwisho. Ikiisha maana yake ni ile tuliyokaribia kuiona. Kwa hiyo nimefungwa, na siku hizi naomba nisifunguliwe.

Leo Paker kaniambia naendesha vibaya. Kaanza Ngaramtoni, tumefika kwake bado hajamaliza.